Shoga angu, nimeng'oa maua yangu

Shoga angu Mwana,

Mambo? Najua utanisonya, miezi miwili kimya alafu nakuja na stori za vipepeo, ila vumilia, voisi noti umezikataa mwenyewe eti zinakula bando basi leo utasoma.

Hapa Pacific Grove ninapokaa ni kamji kadogo tu ka pwani ya California, na vipepeo ndo sifa ya mji. Ni wale wa rangi ya chungwa wenye mistari myeusi, wanaitwa monarki, kuanzia Oktoba wanakimbia baridi ya bara wanakuja kulala kwenye mikaratusi na misonobari mpaka Februari hivi. Watoto wa shule wanavalishwa mabawa wanaandamana barabarani kuwapokea, na kuna kibao kabisa, ukimbughudhi kipepeo faini dola 1,000. Siku ya kwanza kukisoma nlicheka mpaka bibi ninayemhudumia akauliza nna nini.

Huyo bibi sasa, anasema alipokuwa mdogo tawi ulikuwa hulioni. Wamebanana wamefumba mabawa kama majani makavu, baridi ikizidi hawawezi hata kuruka, jua likiwapiga tu mti mzima unawaka. Na anasema hawakuwa wakiwashangaa, walikuwepo tu, kama sie na kunguru.

Basi 1997 walihesabu pwani yote ya huku wakapata kama milioni 1.2. Mwaka 2020 wakapata chini ya 2,000, pwani yote nakwambia, na hapa mjini hakuonekana hata mmoja. Mwaka uliofuata wakarudi zaidi ya 247,000 watu wakashangilia, kumbe wapi, msimu wa 2024 wakahesabu 9,119. Ukiuliza sababu utaambiwa ukame, moto, miti kukatwa, majani wanayotagia kufyekwa mashambani, na dawa. Dawa ndo imenikaa kichwani. Januari 2024 waliokotwa kama 200 hapahapa karibu na msitu wao, wengine wamekufa wengine wanatetemeka chini, walipopimwa wakakutwa kila mmoja kwa wastani ana dawa za wadudu za aina 7. Kitu kidogo vile Mwana, aina 7.

Na mimi nkajitia kusaidia. Kiwavi wake halagi kitu ila yale majani yenye utomvu mweupe kama maziwa, nkaenda dukani nkanunua miche sita, maua mekundu na njano, mazuri hayo, nkapanda kibarazani nkawa najiona mtu wa maana. Kumbe hiyo ni ya nchi za joto, haifi kipupwe kama ya kienyeji, kwa hiyo kijidudu kinachowaua kinabaki kwenye majani mwaka mzima kinajaa tu, kila kiwavi anayekula anakimeza, na wao badala ya kupumzika kipupwe wanaanza kuzaana. Tena hata ile ya kienyeji wanasema usipande karibu na pwani wanapolala, huku panda maua wanayonyonya vipepeo tu. Duka halikunambia hayo, pesa walichukua.

Nlikuta viwavi wawili. Nkang'oa mitano nkawaachia mmoja. Wa kwanza sikumuona tena, labda ndege, ingawa wanasema ndege hawawapendi kwa sababu ya ile sumu ya majani. Wa pili akawa pupa, akatoka asubuhi moja bawa limejikunja kama kanga iliyosahaulika kwenye ndoo, nkakaa nae mpaka saa ya kwenda kazini. Hakuruka. Jioni nkang'oa na ule wa sita, nkatupa kwenye mfuko wa taka nkaufunga, kwenye lundo la mbolea sikutia.

Sasa nna ombi. Unakumbuka nyuma ya nyumba ya bibi kule Muheza, yale majani ya maziwa tuliyokatazwa tusijipake machoni? Wale vipepeo wa chungwa waliokuwa wakitua pale ni binamu wa hawa hawa, nimeona picha zao juzi nkashtuka, nlikuwa nawakimbiza na kandambili. Ukienda nitazamie kama bado wapo. Piga picha, bando ntakutumia mie, na umwambie mjomba asije akayafyeka.

Nisalimie watoto. Lile gauni nimelipata, saizi ndo sina hakika.

Wako,
Zuhura