Vihisi vya maporomoko Elgon: tuanze kwenye kompyuta kwanza

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Kila mvua kubwa ikinyesha huku Mlima Elgon, watu wanaanza tena kuongea habari za kufunga vihisi, yaani vifaa vidogo vya kupima unyevu wa udongo, kwenye miteremko, vitume taarifa kwa redio mlima ukianza kulegea, na mimi naunga mkono kabisa maana maporomoko ya udongo tuliyoyaona Nametsi Machi 2010, Bukalasi Oktoba 2018 na Bulambuli Novemba 2024 yanatosha. Ila wanaopanga, wa wilayani na wa Kampala, tafadhali msianze na kununua. Uigizeni kwanza huo mtandao kwenye kompyuta.

Kihisi kinaweza kuwa kizima, betri imejaa, kinapima vizuri, na bado hakisikiki. Vingi vya hivi vidogo vinatumia mawimbi ya gigahezi 2.4, na mawimbi hayo hayaelewani na maji, sasa shamba la matoke lililofunga majani ni ukuta wa maji. Ukivifunga kiangazi data inaingia safi, ngoja Aprili majani yamejaa na yamelowa, kimya, na Aprili ndio tunavihitaji!

Halafu betri, hili watu hawalisemi kabisa. Vihisi vinapokezana, cha juu kinakipa cha kati, cha kati kinakipa cha chini mpaka kituo chenye intaneti, kwa hiyo kilicho karibu na kituo kinabeba mizigo ya wenzake wote na kinazima kwanza, na kikizima huko juu kote kumekatika hata kama vingine bado vina chaji. Tena redio ikikaa inasikiliza tu inakula umeme kama inayotuma. Chipu ya redio ya CC2420 kwa mfano inakula miliampia 18.8 ikipokea na 17.4 ikituma. Kwenye programu za kuigiza mitandao kama Cooja, NS-3 au OMNeT++ unayaona haya yote kabla hujachimba hata shimo moja, unaongeza kihisi karibu na kituo, unasogeza kingine ukingoni, unaendesha tena.

Lakini msidanganywe na picha nzuri. Cooja ukiiacha ilivyo inachora duara, aliye ndani anasikia aliye nje hasikii, kana kwamba wilaya ya Bududa, na milima yake yote, ni uwanja wa mpira. Ramani za miinuko za SRTM, zilizopimwa kutoka angani mwaka 2000, zipo bure, nukta kila mita 30 hivi, ziingizwe. Na lazima watu wapande na redio mbili wapime nguvu ya mawimbi bondeni na migombani, kiangazi na masika, namba hizo ndizo zilishwe kwenye programu.

Vijana wa vyuo vikuu vya Makerere na Busitema wanaiweza kazi hii. Kwa hiyo tenda ikitangazwa, iandikwe wazi kwamba anayeomba alete mpango alioujaribu kwa vipimo vya mlima wenyewe, na mafaili yake yabaki wilayani ili kihisi kikifa mwaka wa tatu fundi wetu ajue pa kuweka kingine.

Msomaji wako,
Mbale