Mwanangu, ndege ikidunda usisukume usukani

Mwanangu Neema,

Siku utakayoruka peke yako pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, kiti cha kulia cha mwalimu kitakuwa kitupu, na hiyo ndege ndogo ya Cessna 172 itakuwa nyepesi kuliko ulivyoizoea. Itaelea mbele zaidi kabla ya kugusa lami. Usiilazimishe itue.

Ajali ninayokuhofia huanza hivi: unaingia na kasi ya noti 75 (maili za baharini kwa saa) badala ya 65, ndege inagonga lami na kudunda. Mkono unasukuma usukani mbele ili kuishusha. Sasa gurudumu la mbele linatangulia kugonga, pua inarushwa juu, unasukuma tena ukiwa umechelewa, na kila mdundo unazidi ule wa kwanza. Ukifika wa tatu, mguu wa mbele waweza kuvunjika na propela ikapiga lami. Miguu ya nyuma ni vyuma vinavyonesa, huhimili kishindo. Wa mbele umefungwa kwenye ukuta wa bati unaoitenga injini na rubani, na ukuta huo hujikunja hata mguu ukipona. Propela ikishapiga chini, injini lazima ikaguliwe kwa ndani, hata kama inanguruma vizuri.

Mdundo mdogo: tuliza pua, ongeza moto, yaani nguvu ya injini, kidogo, iache ishuke yenyewe. Mdundo mkubwa, au ukiwa na shaka yoyote, acha kutua, paa tena. Moto wote, pedali ya kulia papo hapo kwa sababu pua itakimbilia kushoto, flapu, yale mapezi ya nyuma ya mabawa, kutoka digrii 30 hadi 20. Pua itataka kupanda kwa sababu trimu, kirekebisho kinachoshikilia pua bila mkono, uliiweka ya kutua. Hapo ndipo usukani husukumwa, kiasi cha kushika noti 60. Flapu zilizobaki kunja hatua kwa hatua. Ukizikunja zote kwa mkupuo, ndege itazama.

Kumbuka Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi. Mita ya kasi ikisoma 65, kasi yako halisi imepita 70, na ardhi itaonekana kukimbia mno. Amini mita, si macho. Kitasa chekundu cha mchanganyiko wa mafuta na hewa nacho usikisukume hadi mwisho kama unavyotua Mombasa: mafuta yatazidi hewa, na injini itakosa nguvu wakati ule ule unapotaka kupaa.

Wala usingoje ruhusa ya mnara. Paa kwanza, ndege ikishatulia ndipo uwaambie.

Baba yako