Krismasi Njema kutoka Shinyalu: Njooni Mlivyo

Ndugu, jamaa na marafiki, hamjambo? Nawatakia Krismasi njema kutoka huku Shinyalu, Kakamega. Ukuta wa jiko tuliousiriba juzi haujakauka, na shangazi ameshaanza kuulizia unga wa chapati. Wale ambao nauli ya Desemba imewafungia Nairobi, msione haya. Tunawakumbuka.

Mwaka jana mimi nilitaka Krismasi ya kuonyesha watu. Nilinunua kitambaa cha rangi moja kwa familia nzima, nikamkesha fundi wa cherehani. Vitambaa vya makochi nilivifua mara mbili. Chapati zilizokataa kuwa duara nilizificha chini ya zingine (watoto walianza na hizo hizo).

Mwendo wa saa tisa, kikundi cha isukuti, ngoma ya jadi ya kuchezwa ya huku kwetu, kikapita mbele ya boma: ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pembe ya swala juu yake. Ngoma hii UNESCO iliiandika mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, nayo siku hiyo ilitufuata yenyewe hadi langoni. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nikiwapanga watu kwa picha, nikimfokea mpwa wangu aliyemwagia shati mchuzi. Mama, na magoti yake yale yale anayoyalalamikia kila asubuhi, alitoka jikoni na mwiko mkononi akacheza, mabega yakimtetemeka mpaka kitambaa cha kichwa kikadondoka. Majirani walipiga vigelegele. Haya yote nilisimuliwa.

Picha ninayo. Watu ishirini na wawili, rangi moja, shati la mchuzi limefichwa nyuma ya mjomba, na hakuna hata mmoja anayecheka. Mama anatazama kando, kule barabarani.

Kwa hiyo mwaka huu fundi hatujamwita. Anayekuja na mtumba, karibu. Anayekuja mikono mitupu, karibu pia, maana najua mwaka ulivyokuwa. Na tarehe 26 tukisikia kuna fahali wanapigana hapa karibu, vyombo vitabaki vichafu, tutaenda sote.

Kuku wameshachaguliwa. Firigisi ni ya mzee, hiyo haina mjadala. Atakayechelewa atapata shingo.