Mkague draiva ya kompyuta kuanzia mwisho wake

Ndugu Mhariri,

Mteja akipeleka kwa fundi kompyuta inayoganda wakati wa kuzimwa, au inayoanguka akichomoa modemu ya USB, hapa Arusha ataambiwa ni virusi au ni ramu. Huenda ikawa kweli. Ila kwa mashine za Linux kuna chanzo kingine ambacho hakitajwi: draiva, yaani programu inayoendesha kifaa, iliyoachia kumbukumbu huku sehemu yake nyingine bado inaitumia. Naomba nafasi niwaambie vijana wetu wanaoandika na kukagua draiva, Arusha na Moshi, mahali pa kutazama.

Wengi husoma kwa makini kipengele cha probe, kinachoandaa kifaa kinapoanza, wakifika remove, kinachokiondoa, wanapitisha macho tu. Wangeanzia huko. Wakati remove inaendelea kwenye prosesa moja, interapti (ishara ya kifaa inayokatiza prosesa), taima, foleni ya kazi zilizoahirishwa au programu iliyofungua kifaa inaweza kuwa ndani ya draiva ileile kwenye prosesa nyingine. Kuita kfree, amri ya kuachia kumbukumbu, wakati huo ni kung'oa ngazi na mtu bado yuko juu ya paa. Tena kosa halionekani kila mara, kwa sababu kumbukumbu iliyoachiwa huweza kubaki na data yake ya zamani kwa muda, na kila kitu kikaonekana salama.

Kwanza ondoa kifaa kwenye orodha ya kerneli, kiini cha Linux, ili maombi mapya yasiingie. Kisha kiamuru kifaa chenyewe kiache kutoa interapti, na kama kimeunganishwa kwa njia ya PCI soma mara moja rejista yake, yaani nafasi ya data iliyo ndani ya kifaa, maana amri iliyoandikwa inaweza kuwa bado njiani. Ndipo uite free_irq, amri ya kuachia interapti, ambayo husubiri mshughulikiaji wa interapti aliyekwisha kuanza amalize.

Panapoleta taabu zaidi ni pale taima inapoita kazi ya foleni, na kazi hiyo nayo inaiwasha taima upya. Ukifuta taima kwanza, kazi inaifufua. Ukifuta kazi kwanza, taima inaipanga tena. Tangu Linux 6.2 ipo timer_shutdown_sync, ambayo husubiri taima imalize na kukataa isiwashwe tena. Iite hiyo, halafu cancel_work_sync, inayofuta kazi na kuisubiri iishe, halafu achia kumbukumbu. Kwenye kerneli za zamani itabidi uweke alama ya "ninafunga", inayosomwa na pande zote mbili chini ya kufuli moja (kinga inayoruhusu mmoja tu kwa wakati). Na usiite cancel_work_sync ukiwa umeshika kufuli ambalo kazi hiyo inalihitaji: wewe unaisubiri, nayo inakusubiri, na mteja anabaki akitazama skrini isiyozimika.

Mtego mwingine ni devm, utaratibu wa kerneli kuachia yenyewe vitu vilivyoombwa na draiva. Interapti iliyoombwa kwa devm_request_irq huachiwa baada ya remove kurudi. Kwa hiyo mwandishi akiita kfree kwa mkono ndani ya remove, interapti ingali hai na kumbukumbu yake imekwenda. Nikiona devm na kfree vimechanganywa kwenye draiva moja, sisomi mbele kabla ya kujua nani anatangulia. Kwa programu ambayo bado imefungua kifaa, dawa ni kuhesabu watumiaji kwa kref, kihesabio cha kerneli, na wa mwisho kutoka ndiye aachie.

Kuzima mashine nako ni njia tofauti: kerneli huita kipengele cha shutdown, si remove. Kama shutdown ni tupu, kifaa chenye DMA, yaani kinachoandika kwenye kumbukumbu bila kupitia prosesa, kinaweza kuendelea kuandika humo hata baada ya kexec, njia ya kuanzisha kerneli mpya bila kuzima mashine, kupakia kerneli hiyo.

Kuchomoa na kuchomeka mara moja si jaribio. Jenga kerneli yenye KASAN (hunasa matumizi mabaya ya kumbukumbu), CONFIG_PROVE_LOCKING (hukagua makufuli) na CONFIG_DEBUG_SHIRQ (hujaribu interapti za kushirikiana), kisha tenganisha na unganisha draiva na kifaa (unbind na bind) kupitia sysfs, mafaili ya kudhibiti kerneli, mfululizo huku programu nyingine ikisoma kifaa bila kupumzika. Ongeza msleep, yaani kusubiri, ya milisekunde 100 ndani ya kazi ya foleni. Kosa lililokuwa likijificha wiki nzima huweza kujitokeza kabla chai haijapoa. Usiiweke kerneli hiyo kwenye mashine ya dukani, kwani KASAN ya kawaida hutenga sehemu moja ya nane ya kumbukumbu na kuipunguzia mashine kasi waziwazi.

Nawaomba na wahadhiri wa vyuo vyetu: zoezi la draiva lisipewe alama mpaka remove yake ipite jaribio hilo.

Msomaji wako,
Njiro, Arusha