Nalongo, ile nauli bado inaniuma

Bukoba, Jumapili jioni

Nalongo wangu,

Habari za Masaka? Pacha hawajambo? Ssalongo, baba yao, msalimie, na mzee wenu Jjajja mpigie magoti kwa niaba yangu. Sisi huku wazima. Senene wameanza kushuka, kwa hiyo mji mzima haulali, kila mwenye bati na taa kali yuko nje usiku. Nimekukaangia kopo moja, utalipata pamoja na barua hii, kama kijana wa basi hatalifungua njiani. Namjua, atalifungua.

Umeninunia, au mimi ndiye nimekununia, sijui tena. Tangu matanga ya mzee wetu, uliposema lile neno la nauli, hatujazungumza vizuri. Nimeamua kuandika kwa kalamu kwa sababu kwenye simu habari hii ya vita vya Kagera hatuiwezi: mimi natuma sauti ndefu, wewe unanijibu kwa picha ya Idi Amin kajaza medali kifuani, basi, tunaishia hapo. Karatasi angalau huwezi kunikatiza.

Na nina shida. Ijumaa Kidato cha Nne wana mdahalo, na hoja niliyowapa ni kwamba Tanzania ilikuwa na haki ya kumfuata Amin na kupigana hadi Kampala. Mkuu wa idara anataka niibadilishe iwe "Vita vya Kagera vilikuwa vya haki", eti yangu ni ya uchochezi. Nikamwambia hiyo ya kwake haina mpinzani hata mmoja, utakuwa mdahalo wa makofi. Amenuna naye. Mwaka huu nakusanya walionuna.

Chanzo ni mtoto mmoja wa nyuma kabisa, yule mrefu niliyekusimulia. Tulikuwa tunasoma hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978 mbele ya wazee wa Dar es Salaam. Unaijua, nyinyi pia mnaijua: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, nia ya kumpiga tunayo. Darasa zima linaighani kama wimbo, na ile sauti ya Mwalimu wanaiigiza. Huyu akanyoosha mkono: "Mwalimu, sababu ya kumtoa kwetu tunaiona. Ya kumfuata kwake ni ipi?" Kengele ikalia. Nilimshukuru Mungu kwa kengele, halafu usiku mzima nikawa nalijibu lile swali kitandani.

Maana hapo ndipo mimi na wewe tulipokwama. Sehemu ya kwanza hatugombani. Mwisho wa Oktoba 1978 askari wa Amin wanaingia, Novemba mosi anatangaza kwamba ardhi yote hadi Mto Kagera ni yake, kama kilomita za mraba 1,800, na mpaka mpya ni mto. Siku mbili baadaye daraja la Kyaka, juu ya mto huo, linalipuliwa. Ng'ombe wanaswagwa kuvuka mpaka, kiwanda cha sukari kinakombwa, watu wanauawa mashambani mwao, wanawake wanafanyiwa yale ambayo mama yangu mpaka leo hayataji, husema tu "yale mambo". Magofu ya kanisa la Kyaka umeyaona mwenyewe ukipita na basi. Kwa hayo hata Mkataba wa Umoja wa Mataifa hauna neno: ukishambuliwa, jitetee. Mkuu wa idara anaweza kupiga makofi, na mimi nitapiga naye.

Lakini katikati ya Novemba Amin akatangaza kwamba anarudisha askari wake. Mwongo, ndiyo, wengine walikuwa bado wako huku. Ila kufika mwanzo wa Januari ardhi yote tulikuwa tumeirudisha. Ile sababu iliyotajwa mbele ya wazee ilikuwa imeisha kazi yake. Na tarehe 21 Januari 1979 tukavuka, tukachukua mji wa mpakani wa Mutukula, upande wenu, na kuisawazisha na ardhi. Halafu Februari, Masaka na Mbarara. Halafu Aprili, Entebbe na Kampala. Juni tuko mpakani na Sudan! Nalongo, kutoka Kyaka hadi mpaka wa Sudan, hiyo bado ni kujitetea?

Najua utakachosema. Kwamba Amin alikuwa hajafuta madai yake, kwamba Mwalimu aliuomba Umoja wa Nchi Huru za Afrika umlaani tu, neno moja, nao ukakataa. Nimeeri wa Sudan ndiye alikuwa mwenyekiti, akaleta habari za usuluhishi, eti ndugu wawili wamekorofishana. Jirani amekuvamia, wazee wanakuita ukapatane naye kabla hajarudisha hata kuku. Hapo nakubaliana na Mwalimu asilimia mia. Na tena umoja huohuo ulikwenda kukutana Kampala mwaka 1975 ukamfanya Amin mwenyekiti, Tanzania, Zambia na Botswana zikasusia. Mwalimu alikuwa akiuliza swali ambalo wenzake hawakulipenda: akiua Kaburu tunapiga kelele, akiua Mwafrika mwenzetu tunanyamaza, kwa nini?

Kwa hiyo sisemi Mwalimu alikuwa mchokozi. Nasema sababu ilibadilika tukiwa njiani, na hakuna aliyesimama tena mbele ya wazee kuwaambia kwamba imebadilika. Mwanzoni ni kumtoa. Kisha ni kumwadhibu na kumsogeza mbali. Kisha ilitegemewa kwamba Masaka na Mbarara zikianguka, Waganda wenyewe watainuka wamalize kazi. Hawakuinuka kama ilivyotarajiwa, na Gaddafi wa Libya akaleta askari wake kumsaidia Amin. Sasa utarudi nyuma vipi? Sababu ikageuka kuwa ya kumwondoa kabisa. Serikali yetu ikasema hivi ni vita viwili: sisi tunapigania usalama wetu, Waganda wanapigania uhuru wao. Vizuri, lakini mkutano wa kuunda serikali ya Waganda ulifanyika wapi? Moshi! Machi 1979, chini ya mlima wetu. Na waliosonga mbele na mizinga kuelekea Kampala, wengi wao walikuwa vijana wetu, pamoja na mgambo waliotolewa mashambani. Wapiganaji wenu walikuwepo, siwadharau, ila hesabu unaijua.

(Halafu kuna lile la Amin kutaka yeye na Mwalimu wamalize ugomvi ulingoni kwa ngumi, Muhammad Ali awe refa. Darasani huwa nalitaja watoto wakianza kusinzia. Huyo mrefu akasema, "Ingekuwa nafuu kwa bajeti." Nilicheka mpaka nikakaa.)

Sasa turudi matangani. Nimekuwa nalikwepa.

Uliingia sebuleni kwa marehemu kumpa mkono mjane, ukaiona ile redio kaseti juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Ukakinyanyua. Pembeni kulikuwa na kibandiko cha duka, kimefifia, herufi za mwisho hazipo, lakini MASAKA inasomeka wazi. Mimi nilikuwa nyuma yako, jasho likanitoka. Redio ile nimeisikiliza tangu utotoni, Salamu za Jioni zote nimezisikia humo, na hakuna siku mzee alisema aliinunua. Alikuwa akisema "nimetoka nayo vitani" kama vile vita ni soko. Nikasubiri ulipuke, maana duka la baba yako lilikuwa mtaa gani nalijua, na nani waliupiga mji ule kwa mizinga nalijua. Ukarudisha kitambaa, ukacheka, ukasema, "Acha mzee apumzike. Hiyo ndiyo ilikuwa nauli yenu."

Wazee wakacheka. Mama akacheka. Mimi ndiye niliyetoka nje.

Nalongo, nauli gani? Masaka haikubomolewa kwa kumtafuta Amin. Ilibomolewa kulipa kisasi cha Kagera, na hata waliokuwepo hawafichi. Mzee mwenyewe, akishapata rubisi kidogo, pombe yetu ya ndizi, alikuwa anasema, "Tuliwalipa." Aliwalipa nani? Jjajja alikuwa amevuka mto gani? Ndiyo maana nasema sababu si jambo la wanasheria peke yao. Askari akiambiwa anakwenda kuokoa watu, mji anauona kwa jicho moja, akiambiwa anakwenda kulipa, anauona kwa jicho jingine. Sisi tulivuka na sababu ya kwanza mifukoni, ya kulipa, na ile ya kuokoa ikatukuta tumeshafika Masaka.

Na wewe ukanijibu, pale chini ya mgomba, maneno ambayo sijayameza mpaka leo. Kwamba mimi nina anasa ya kuuliza sababu kwa vile sikuzaliwa chini ya Amin. Kwamba Benedicto Kiwanuka, mtu wa kwenu, Jaji Mkuu wa nchi, alichukuliwa mahakamani mchana kweupe mwaka 1972 na hakurudi. Kwamba Askofu Mkuu Luwum aliuawa 1977 mkaambiwa ni ajali ya gari. Kwamba Tanzania ilijua yote, ilimhifadhi Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, iliwaacha watu wake wavuke Septemba 1972 wakapigwa Masaka na Mbarara, kisha ikatia sahihi mkataba wa amani na Amin huko Mogadishu ikatulia miaka sita. "Mlikuja siku alipogusa ng'ombe zenu," ukasema. "Sababu mlikuwa nayo tangu zamani, mlisubiri iwe yenu."

Nimelifikiria sana hilo. Lina ukweli mchungu na silipuuzi. Lakini liangalie vizuri utaona linanisaidia mimi. Kama sababu ya kweli ilikuwa kuwaokoa ninyi, basi tungetakiwa tuseme hivyo waziwazi, na tuulizwe kwa kipimo hicho hadi mwisho. Lule mkapewa awe rais, akadumu siku 68. Binaisa aliyemfuata naye akaenda. Uchaguzi wa Desemba 1980 ukamrudisha Obote, rafiki yetu, askari wetu wakiwa bado wako nchini mwenu. Mwaka 1981 wanajeshi wetu wakaondoka, na vita vya msituni vya Luwero vikaanza kuwaka. Hapo huwa unanyamaza, Nalongo. Aliyeingia kwa kusema "najilinda" hana deni la Luwero, amemaliza kazi yake, anarudi kwao. Aliyeingia kwa kusema "nakuokoa" anaweza kufunga mlango akaondoka hivyo? Ndiyo maana naona ile ya kujilinda ilitufaa. Haikuwa ya uongo, ila ilikuwa fupi, ilituruhusu kuondoka.

Kwenye mkutano wa Umoja huo Monrovia, Julai 1979, Nimeeri na Obasanjo wa Nigeria walipotusema, walitusema kwa sababu mbaya: waliogopa wao wenyewe, kila mmoja aliona kiti chake kinatikisika. Binaisa akatutetea. Sasa mimi sitaki kukaa upande wa Nimeeri, Mungu apishe mbali. Nikiwekwa kitimoto niseme ndiyo au hapana, ningesema ndiyo, twende hadi Kampala. Lakini si kwa ile sababu tunayoighani. Hilo tu ndilo nataka watoto wabishanie, na hilo ndilo mkuu wa idara anaita uchochezi.

Kuhusu gharama sikuambii, ulishachoka kunisikia. Mwalimu alisema tufunge mkanda miezi 18. Mama anasema wake haujafunguliwa.

Kwa hiyo ombi langu. Muulize Jjajja kama atakubali kusimulia zile siku za Februari 1979, kwa simu, kwa Kiganda, nitatafuta wa kutafsiri, nusu ya darasa wanasikia. Si habari za Amin, hizo wanazo vitabuni. Walikimbilia wapi mizinga ilipoanza? Alipomwona askari wetu wa kwanza aliogopa au alishangilia? Na walipolikuta duka vile, baba yako alisema nini? Akikataa usimlazimishe, mama yangu mwenyewe hakubali.

Na wewe je? Ile kauli ya nauli ulikuwa unamaanisha, au ulikuwa unamwokoa mjane na aibu? Wazee wangekuwa hawapo ungesemaje? Redio yenyewe, watoto wa marehemu wananiuliza waifanye nini. Mmoja anataka kuiuza, mwingine anasema irudishwe Masaka. Irudishwe kwa nani? Ungeipokea? Ssalongo anasemaje, au bado anasema haya ni mambo ya walimu wasio na kazi? Na Krismasi mnakuja au mnasubiri niwaombe kwa barua nyingine?

Nijibu kabla ya Ijumaa hata kwa mstari mmoja. Basi linaondoka alfajiri, na kijana ameshapiga simu mara mbili kuuliza kama kopo limefungwa vizuri.

Mwenzio,
Ma Koku