Dawa ya kutapika tunauziwa kama karanga

Mhariri, naomba nafasi kidogo nina dukuduku. Mwezi wa saba nilivuka kwenda Unguja na mtoto wa dada angu, ana mwaka na nusu, na mnajua mwezi huo kusi likikaza boti inavorushwa. Mimi bahari inanichafua roho toka zamani, nikaona nijikinge mapema, nikapita duka moja la dawa nikamwambia kijana nipe dawa ya kutapika kwenye boti. Hakuuliza ya nani wala nina tatizo gani, akakata vidonge vinne akanitilia kwenye kibahasha, juu kaandika 1x2 basi, jina la dawa hamna. Na mtoto je? Mkatie nusu.

Kwenye foleni nikakaa na mama mmoja nesi mstaafu, akaniambia mwanangu hebu rudi ukaulize jina. Nikarudi, kumbe ni promethazini, mama akashika kichwa! Hio haipewi mtoto chini ya miaka 2, inaweza kumbana pumzi akafa usingizini, na isitoshe watoto wadogo hivo bahari kwa kawaida wala haiwasumbui. Yani ningemdhuru mtoto wa watu kwa kumtibu ugonjwa asiokuwa nao.

Cha kwangu nilimeza boti ikiwa ishatoka, dakika chache tu nikakirudisha kizimakizima kwenye mfuko, nimekiona kwa macho yangu. Mama anacheka, ananambia hizi zinamezwa kabla, saa moja au mawili, ukishaanza kichefuchefu tumbo halifanyi kazi tena. Nikaongeza kingine, hicho kikakaa, ila nimeshuka bandarini Malindi, hapahapa Unguja, nasinzia kama mlevi, begi nikalisahau kwenye taksi, mwenyewe akanipigia honi. Sasa dereva wa bodaboda akimeza hivohivo afu akapakia abiria?

Kuna jamaa mwengine kwenye boti yeye aliuziwa metoklopramidi, ile ya kichefuchefu cha tumbo, ambayo kwa mtikisiko wa safari haisaidii kitu, na kweli alitapika mpaka tunafika.

Sidai zifungiwe maana zinatusaidia sana sisi wa boti na wenzetu wa mabasi ya kona za milimani Lushoto. Naomba tu wahusika wawabane wauzaji, waulize umri, na kwenye kibahasha waandike jina la dawa na saa ya kumeza, kalamu si wanayo?

Mtoto alilala njia nzima, hajatapika hata tone.

Abiria wa kusi,
Unguja