Mama Abuu, kliniki msiiache

Tanga, Jumapili

Shoga yangu Mama Abuu,

Asalaam aleikum. Huku hatujambo, Bibi magoti yanamsumbua lakini anakusalimu sana. Mengine nayaacha, maana Zainabu kanipigia kaniambia Abuu kapona, madoa yamefutika, na kliniki mmeshaiacha. Roho haijatulia tangu hapo.

Kwa madoa nashukuru, wallahi. Najua ulivyohangaika: yale ya zambarau mapajani na makalioni, ukiyabonyeza hayafifii, vifundo vimevimba, tumbo linamkata mpaka anajikunja. Lakini ngozi kutakata si figo kupona. Huu ugonjwa wa Abuu, vaskulitisi ya IgA, unashambulia mishipa midogo ya damu, na figo imejaa mishipa hiyo. Ndiyo maana mwanangu Rehema alipougua huu huu, daktari wake alishikilia: mkojo na presha vipimwe kwa miezi 6, hata kama kipimo cha kwanza ni safi.

Na cha Rehema kilikuwa safi, unakumbuka. Madoa yakaisha, akarudi kuruka kamba uani. Wiki ya tano yule kijana wa maabara akachovya kijiti cha kupimia kwenye mkojo wake, kiraka cha manjano kikageuka kijani namtazama hivi. Protini, figo zinavujisha. Na damu pia, ambayo kwa macho huioni, mkojo rangi yake ile ile ya siku zote. Mtoto halalamiki chochote! Hapo ndipo ninapomwogopea Abuu. Anacheza, anakula, nani atamshuku?

Halafu eti shemeji anasema kwa kuwa alimeza dawa za predinisoloni, figo zimeshakingwa. Hapana. Dawa hizo zilimtuliza tumbo na viungo tu. Lakini watoto waliopewa ili figo zisiguswe, hazikuwakinga. Mweleze taratibu, au nimpigie mimi. Na miguu ikimuuma tena, msimpe ibuprofeni wala diklofenaki kabla mkojo haujapimwa. Mpeni parasetamoli.

Sikutishi, shoga. Wengi figo haziguswi kabisa, na walioguswa wengi hupona. Rehema aliandikiwa mpaka dawa ya presha, na presha yake wala haikuwa juu. Ile dawa hupunguza protini inayovuja. Sasa mkojo wake umetakata. Ila wapo wachache ambao figo huharibika moja kwa moja, na kwa kuwatazama tu huwezi kuwajua.

Kesho akiamka tu, ule mkojo wa kwanza, weka kwenye kikopo safi upeleke. Nakuomba. Kama ni nauli, sema, mimi na wewe hatuoneani haya.

Presha walimpima hata mara moja? Kwenye kadi waliandika nini upande wa mkojo? Akiamka uso haujavimba? Yale mafua yaliyotangulia yameisha? Tumbo je, limerudia? Na wewe mwenyewe, unapata kulala? Nijibu leo leo, hata maneno mawili.

Wako,
Mama Rehema